Nyumba Yetu: Robine ya Benywari ya Zamani



Juma hili tunajibu swali la kikundi kimoja cha wamama wa hapa kwetu Kinkondja, wanaotengeneza nyumba ya wageni karibu na kivuko. Wamepata benywari ya zamani, yaani lile beseni refu la chuma la kuogea, jeupe ndani, lenye kutu nje, linalosimama peke yake katikati ya chumba juu ya miguu minne kama mnyama. Chumba wanacho. Tangi la maji fundi ataliweka juu ya mnara nyuma ya nyumba. Sasa pesa za likelemba zimetimia, na wanataka kumtuma mtu Kamina akanunue robine na tiyo. Wanauliza: anunue zipi? Pamoja na swali wametuletea picha iliyokatwa kutoka gazeti: robine ya rangi ya dhahabu, yenye duche ya mkono iliyolazwa juu yake kama mkono wa telefoni ya zamani.

Ni nzuri. Hatutawadanganya, hata sisi tuliitazama mara mbili. Lakini tuliketi na mafundi wa tiyo wawili, tukapima, tukabishana, na jibu letu linaanza mbali kidogo na rangi ya dhahabu. Swali la kwanza ni hili: mdomo wa robine utakaa wapi? Utakaa juu ya ukingo wa beseni, au utaingia ndani yake? Hapo ndipo pana maisha ya watu, na tutalieleza polepole kwa sababu fundi mwenye haraka halisemi.

Mmewaona wauza esanse wa kando ya njia, wale tunaowaita wakadhafi. Anaingiza tiyo ndani ya pipa, ananyonya mara moja kwa mdomo, anaishusha chini, na esanse inatoka yenyewe mpaka pipa likauke au mpaka ainue tiyo. Hakuna pampu. Kitu kilicho juu kinavutwa na kile kinachoteremka chini, mradi ncha ya tiyo imezama. Maji yanafanya vile vile. Chukueni benywari iliyojaa maji ya sabuni ya mtu aliyekwisha kuoga, na mdomo wa robine umezama humo. Tangi limekauka, robine imeachwa wazi. Huko chini uani mtoto anafungua robine nyingine ili ajaze bidoni ya maji ya kunywa. Maji yaliyobaki ndani ya tiyo yanateremka kwake, na nyuma yao yanavuta yale ya benywari. Mtoto anaona maji yanatoka, anafurahi, anapeleka bidoni jikoni.

Si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 1933, mjini Chicago, Marekani, watu walikusanyika kwa maonyesho makubwa ya dunia, na wageni wakalala katika hoteli mbili kubwa zilizokuwa na tiyo za zamani. Ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na ameba ukawashika. Wachunguzi waliofuata njia ya maji walikuta tiyo za maji safi zimeungana vibaya na za maji machafu, na vyoo na mabeseni ya kuogea yaliyoweza kurudisha uchafu ndani ya tiyo za maji safi. Waliougua walikuwa zaidi ya 1,400, na 98 wakafa. Hoteli zilikuwa za matajiri, zenye robine za kung'aa kila chumba. Wengi walikuwa wamekwisha kurudi miji yao walipoanza kuumwa, na ndiyo sababu ilichukua muda kujua ugonjwa ulitoka wapi.

Sasa tujitazame. Zone yetu ya afya ya Kinkondja ni moja ya zile za kando ya Lualaba na maziwa yake ambazo kipindupindu kinazirudia. Hapa hakuna mama asiyejua maana ya kolera. Nyumba ya wageni kwenye kivuko inapokea watu wanaoshuka kwenye mitumbwi na mashua kutoka kila upande: mchuuzi wa samaki, mwalimu anayehamishwa, mwanamke anayemsindikiza mgonjwa. Maji ya kuogea ya mmoja yasiwe na njia yoyote ya kufikia kikombe cha mwingine.

Benywari nyingi za zamani ziliundwa bila kujali jambo hilo. Maji yaliingia kupitia tundu la ubavuni, chini ya ukingo, kwa sababu wenye nyumba walipenda yajae kimya bila kurusha matone. Tazameni yenu. Ikiwa ina matundu mawili ubavuni, kwenye upande wa miguuni, chini ya ukingo, basi robine zake zilikaa ndani. Mtu wa dukani Kamina anaweza kuwapa robine inayoingia vizuri katika matundu hayo na kuwaambia ndiyo yenyewe. Ipo nyingine inayofungwa hapo hapo lakini shingo yake inapanda na kupinda, mdomo ukabaki juu ya ukingo. Iulizeni hiyo. Ikikosekana, zibeni matundu kwa vifuniko vya shaba na mpira, mlete maji kwa tiyo inayosimama kando.

Kati ya mdomo wa robine na ukingo wa beseni muache nafasi ya hewa. Kanuni ya mafundi ni angalau mara mbili ya upana wa mdomo: mdomo wa sentimetre 2, nafasi sentimetre 4. Sisi tunasema wekeni vidole vinne vya mtu mzima vilivyolala, na msihesabu tena. Muanze kupima kwenye ukingo wenyewe, si kwenye maji yalipo leo, kwa sababu siku moja mtu atasahau na beseni litajaa pomoni. Hewa haipitishi maji machafu, haiozi, hainunuliwi.

Hapo ndipo ile duche ya telefoni inapotupa shida. Mgeni akiisha kuitumia ataiacha ndani ya maji. Kila mtu anaiacha. Tiyo yake ndefu imezama, na tumerudi kwa kadhafi na pipa lake. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa ndani ya tiyo, klape inayoruhusu maji kwenda na kuyakataza kurudi. Ikiwa mnaipenda duche hiyo kiasi cha kushindwa kulala, nunueni na klape hiyo, na mfunge ndoano juu kabisa ukutani, tiyo iwe fupi isiweze kufika kwenye maji hata ikianguka. Lakini klape nayo huziba kwa mchanga, na mchanga katika maji yetu si haba. Shauri letu ni duche ya kichwa, ile iliyosimama juu bila kusogea. Mgeni mwenye haraka ataoga kwa maji ya bidoni moja, kisha aende zake.

Maana kuna hesabu nyingine. Benywari inayochukua litre 160 ni bidoni nane za litre 20. Bidoni nane kwa mtu mmoja kujilaza! Siku pampu inapokosa mafuta, ni nani atazipandisha kutoka kisimani? Tunamjua kwa jina, ana miaka kumi na miwili na alipaswa kuwa shuleni. Kwa hiyo kikundi kipange bei ya benywari mbali na bei ya duche, na ndani ya beseni mpige alama ya rangi pale maji yanapofika kifundo cha goti la mtu aliyeketi. Hapo panatosha.

Tuje kwenye nguvu ya maji, kwa sababu hapa pesa nyingi hupotea. Robine nzuri za kisasa, zenye mpini mmoja wa kuinua na kichujio kidogo mdomoni, zimeundwa kwa maji ya mji mkubwa yanayosukumwa kwa nguvu. Tangi letu linasukuma kwa uzito wake tu. Metre kumi za urefu zinatoa nguvu ya bari moja. Tangi lililo metre 3 juu ya robine linatoa sehemu tatu za kumi za bari. Robine ya mpini mmoja itatoa maji kama machozi. Ikitoa litre 4 kwa dakika, benywari ya litre 160 itajaa kwa dakika 40, na maji ya moto yatakuwa yamepoa. Nunueni robine za mtindo wa kizamani za kuzungusha, mbili, moja ya maji baridi na moja ya moto, zisizo na kichujio mdomoni, za upana wa robo tatu za inchi, ambazo kwenye boksi zimeandikwa 20/27. Zile za nusu inchi, 15/21, ziende kwenye beseni dogo la kunawia mikono. Na tiyo kutoka tangini isiwe nyembamba kuliko robine, ama sivyo mmenunua upana bure.

Robine za kuzungusha zina faida nyingine inayotugusa sisi wa kijijini. Ndani yake kuna kipande cha mpira. Kikichakaa robine inalia usiku kucha, tititi, na mama yeyote anaweza kuifungua kwa ufunguo, akakata kipande kingine kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, akairudisha. Ya kisasa ina visahani viwili vya udongo mgumu vinavyosuguana. Mchanga ukivikwaruza, hadi Lubumbashi kutafuta vingine.

Mbele ya mtu wenu kuondoka, apime. Asiseme «ya benywari» tu. Benywari zilizotoka nchi mbalimbali hazina matundu yanayolingana: za Marekani za mtindo huo mara nyingi matundu yake mawili yameachana milimetre 86, katikati hadi katikati, za Uingereza 180, na robine za Ulaya za kufungwa ukutani ni 150. Aweke karatasi juu ya matundu, asugue kwa kipande cha kaa hadi alama za duara zitokee, aikunje karatasi hiyo na kwenda nayo. Apime pia upana wa tundu la kutolea maji chini, na nafasi iliyopo kati ya tumbo la beseni na sakafu. Ni safari ya mto hadi Bukama, kisha gari moshi. Hakuna anayetaka kuirudia kwa ajili ya milimetre thelathini.

Dukani asitazame rangi. Ya dhahabu na ya fedha zote ni ngozi tu. Aende na sumaku iliyotolewa katika redio mbovu. Sumaku ikishika, ndani ni chuma, itapata kutu. Isiposhika, bado asifurahi: inaweza kuwa shaba ya njano, au madini ya kijivu mepesi yaliyopakwa rangi, yanayopasuka meno fundi akikaza. Aipime mkononi, ya shaba ni nzito. Ageuze achungulie ndani ya meno, pale rangi haikufika: njano ni shaba, kijivu airudishe kwenye kabati. Tuone haya sisi wenyeji wa Katanga kudanganywa kwa shaba? Mkoa wa zamani wa Katanga uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Na hapa kwenye ziwa letu la Kisale, wachimbuzi waliofika Sanga mwaka 1957 walikuta katika makaburi ya kale mapambo na misalaba midogo ya shaba nyekundu, iliyowekwa na watu walioishi hapa karne nyingi mbele ya Mzungu wa kwanza. Ukichanganya shaba hiyo na zinki, unapata ile ya njano ya robine.

Achukue pia utepe mweupe wa kuzungushia meno ya tiyo, mafundi wanauita teflo, na robine mbili za kufunga njia, moja kwa kila tiyo, ili siku ya matengenezo msifunge maji ya nyumba nzima. Wengi wanaziacha kwa kubana matumizi. Zinagharimu kidogo kuliko hasira.

Kuhusu ukuta: nyumba yenu ni ya matofali mabichi, na ukuta wa udongo haubebi robine. Utaishika miezi miwili, halafu mgeni mnene atajiinua kwa kuishikilia, itoke na bonge la ukuta. Kwa hiyo tiyo zisimame kutoka sakafuni, kando ya beseni, zikiwa zimechimbiwa katika saruji. Mkazitie kamba ya chuma inayoziunganisha sehemu ya katikati. Na miguu ya benywari ikae juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka. Chuma pekee kina zaidi ya kilo 100, maji kilo 160, na mgeni tumemsema. Msiinue kwa matofali yaliyopangwa tu.

Maji yanayotoka mnayapa njia gani? Hapa mafundi wetu wawili waligombana, nasi tukamuunga mkono yule mzee. Chini ya tundu kunahitajika tiyo iliyopinda, sifoni, inayobaki na maji kidogo ndani ili harufu na mende visipande. Nafasi chini ya beseni ikiwa ndogo, sifoni ihamie kando. Baada yake, tiyo ya milimetre 40 iteremke nje bila kupanda popote. Fundi kijana alitaka kuchimba shimo refu la kupoteza maji. Lakini kwetu ukichimba kidogo tu, hasa ziwa linapojaa, unakuta maji. Shimo refu litayapeleka ya sabuni moja kwa moja kwenye maji ya kisima. Mzee akasema yaende juu juu kwenye mfereji wenye kokoto hadi kwenye migomba, umbali wa metre 30 au zaidi kutoka kisima, na upande ambao ardhi inateremkia mbali nacho. Migomba haitalalamika.

Tulikaribia kusahau maji ya moto, nayo yanaunguza watoto. Ikiwa yatatoka kwenye sufuria ya mbabula na si kwenye robine, mfanyakazi amwage baridi kwanza, moto baadaye, kila siku bila kubadilisha. Chuma kinanyonya moto mwanzoni, halafu kinautunza. Mtoto akigusa ubavu wa beseni anaweza kushtuka kuliko maji yenyewe. Robine ya moto iwe kushoto, ndivyo wageni walivyozoea kwingine, na ipakwe alama nyekundu kwa wasiosoma. Mtoto asiachwe humo peke yake hata kwa muda wa kuitikia hodi. Kati ya mgeni na mgeni beseni lisuguliwe kwa sabuni, kisha maji ya Javel, kisha lisuuzwe.

Mama mmoja alituuliza pembeni kama, wageni wakikosekana, benywari inaweza kuloweka mihogo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1883 huko Wisconsin, Marekani, John Michael Kohler alichukua birika la chuma la kunyweshea mifugo, akalipaka rangi ngumu ya kioo, akalitia miguu minne na kuliuza kama beseni la kuogea, akalipwa ng'ombe mmoja na kuku 14. Kwa hiyo kurudi shambani si aibu kwa kitu hicho. Hata hivyo tunakataa. Rangi nyeupe ya mabeseni ya zamani inaweza kuwa na risasi ndani yake, ile sumu nzito inayodhoofisha akili za watoto na kudhuru mimba. Mihogo ikichacha inatoa ukali unaokula rangi hiyo, hasa pale ilipopasuka, na risasi ikafuata unga hadi kwenye bukari. Samaki wa chumvi pia hapana. Wala msihifadhi humo maji ya kunywa wakati wa ukame. Na ikiwa tiyo zake za zamani zimekuja nazo, zile laini za kijivu zinazokatika kwa kisu na kung'aa zikikwaruzwa, ni risasi tupu; msiziunge hata moja.

Basi mtu wenu aondoke na karatasi yenye alama za kaa, sumaku, kipimo cha tundu la chini, na kijiti kilichokatwa kwa urefu wa kutoka sakafuni hadi ukingoni, chenye alama ya vidole vinne juu yake. Kijiti hicho akisimamishe kwenye sakafu ya duka kando ya robine yenye tiyo zake. Mdomo usipofika kwenye alama, aiache hata ikiwa ya dhahabu, hata muuzaji akipunguza bei.